Kiboko Aliyekula Majiko

Hapo zamani za kale, Kiboko alipokuwa bado hajui aibu, alikuwa na tabia moja mbaya. Wewe uliye nyuma acha kucheka, hata wewe unayo.

Kila asubuhi aliingia shamba la viazi vitamu la Panya Buku na kutafuna majani, kwacha kwacha.

"Bwana Kiboko, tafadhali," Buku alimwambia, "wanangu watakula nini kiangazi?"

"Viazi si viko chini? Mimi nakula majani tu. Chakula chote nimekuachia."

Buku hakubishana. Alizungushia miiba tuta moja la pembeni, kisha akarudi na maneno matamu. "Siku ya mavuno mlete mama mkwe wako. Nitampikia, na wewe utachimba, aone nguvu zako."

Kiboko akavimba kichwa. Akamwahidi mkwewe viazi ambavyo hajapata kuviona.

Siku ikafika. Mama mkwe akakaribishwa mkekani. Kiboko akachimba tuta la kwanza, akakuta mizizi myembamba kama uzi. La pili, uzi. La kumi, uzi. Jasho likamtoka.

"Viazi vimeibwa," akanong'ona.

"Havikupikwa," alisema Buku. "Kila jani ulilotafuna ni jiko, bwana. Moto wake ni mwanga wa jua. Maji yanapanda kutoka mizizini, na ile hewa chafu tunayoitoa puani, jani linaivuta, linaipika na maji mpaka iwe sukari. Inayobaki inashushwa chini, ndiyo kiazi."

Akafukua tuta lenye miiba. Viazi vinono vikabingirika hadi mkekani.

Mama mkwe akamgeukia Kiboko. "Kumbe, baba, uliingia jikoni kwa watu, ukala na majiko yenyewe?"

Wanangu, ukweni hata kifuniko cha chungu hugusi! Kiboko alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ndiyo, mama," alijibu, macho chini. Akaenda zake mtoni, akajizamisha, chubwi! Akaacha pua tu.

"Mbona pua umeiacha nje?" Buku alimuuliza kutoka ukingoni.

"Natoa pumzi," alisema kwa sauti ndogo. "Majani yako yanaihitaji."

Majani yakachipua tena, na kiangazi kile watoto wa Buku walishiba. Kiboko mpaka leo yuko majini na pua yake.

Basi wanangu, ukiharibu jiko la mwenzako, umemlia na chakula chake.