Boga la Uzi Mwekundu

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa juu ya paa, akichekecha mboji konzi kwa konzi. Iliyopita kwenye chekeche aliitia ndooni. Iliyobaki aliipekua kwa kidole, polepole, kama anayechambua mchele wenye mawe. Pipa lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Mgongo ulimuuma, maana hazikuwa zimepita siku nyingi tangu atoke hospitali.

Paa hilo ndilo lililokuwa shamba lake. Mchicha ulikua kwenye magunia, vitunguu kwenye makopo ya rangi, na maboga yalitambaa juu ya waya za kuanikia nguo. Maganda ya jikoni yaliingia pipani yawe mboji. Maji ya kuoshea mboga yalipandishwa ngazi kumwagilia. Kila msimu, boga zuri kuliko yote lilifungwa uzi mwekundu kikonyoni. Hilo halikuliwa. Lilikaa pembeni mwa jiko mpaka linywee, ndipo mbegu zitolewe. Mbegu hizo alipewa na mama yake, naye alipewa na wake. Dukani hazikuuzwa.

Alipolazwa, nyumba ilibaki mikononi mwa mke wa mwanawe. Binti huyo alikulia kwenye makao ya yatima. Siku ya harusi mama mkwe alimshika mikono akamwambia, "Usiniite mama mkwe. Mimi ni mama yako, basi." Tangu hapo wakawa chanda na pete. Kwa hiyo, siku ya mgonjwa kurudi, binti alisugua jiko mpaka likang'aa. Pembeni alikuta boga limenywea, limeota ukungu, uzi wake umekuwa mweusi kwa moshi. Aliolewa baada ya mavuno. Habari ya uzi hakuwahi kuambiwa. Akalitupa.

Jioni ile majirani walijaa sebuleni kutoa pole. Mama mkwe alichungulia jikoni.

"Boga langu liko wapi?"

"Lilikuwa limeoza, mama. Nimelitupa."

"Wapi?"

Binti hakukumbuka kama alilitia pipani au kwenye mfuko wa gari la taka. Hapo ulimi wa mgonjwa ukateleza.

"Mtoto wa kuokotwa atajuaje kitu cha kurithi kwa mama?"

Binti aliinama, akakusanya vikombe kimoja kimoja, akaingia navyo jikoni.

Hakununa. Uji ulikuja wa moto, dawa zilikuja kwa wakati. Ila tangu jioni ile, neno "mama" halikutoka tena peke yake kinywani mwake.

Sasa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, aliyekuwapo siku ile, alipanda kuanua shuka.

"Dada, nikuletee na ungo? Naona leo tunakula udongo."

"Natafuta mbegu zangu."

"Mbegu utazipata," fundi alisema, akikunja shuka.

Na kweli alizipata. Katikati ya pipa, chini ya maganda ya ndizi, palikuwa na mche mweupe, umeinamisha shingo, bado umevaa ganda la mbegu kama kofia. Akaita kuelekea ngazini.

"Mwanangu, njoo uone. Limeota."

Binti alipanda na sufuria ya maji ya mboga. Alichuchumaa, akautazama mche kwa muda.

"Nashukuru. Lilikuwa linaninyima usingizi."

"Na lile neno langu, mwanangu. Nisamehe. Ni homa iliyosema."

"Nilishakusamehe." Alimimina maji taratibu kwenye shina. "Upepo umeanza. Teremka upate dawa, mama mkwe."

Akashuka na sufuria tupu.

Mama mkwe aliupandikiza mche kwenye kopo, akalifunika pipa kwa gunia. Mboji iliyobaki angeichekecha kesho. Alikaa kidogo, chekeche mapajani. Mbegu iliyotupwa aliitoa takani kwa vidole vyake, lakini neno alilolitupa mbele za watu hakujua aanzie wapi kulitafuta. Maji yakimwagika hayazoleki.