Fisi na Walalaji wa Tope

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ya bara ikakauka. Likabaki dimbwi moja tu, pale mto unapokaribia bahari. Wanyama wote walinywa hapo na, kwa kuwa hawakuwa na haya, walijisaidia hapo hapo. Sumu ya samadi ingewaua zamani, lakini tope la dimbwi lilikuwa na vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho. Hao waliila ile sumu na kuigeuza hewa. Hewa ikapanda juu kwa mapovu, maji yakabaki salama.

Vijidudu hao walikuwa wa koo nyingi: wengine asili yao udongo wa bondeni, wengine tope la baharini. Kila wiki wanyama waliwatupia majani yaliyooza na matumbo ya mawindo, fungu kwa kila ukoo. Na nani alipewa kazi ya kugawa? Fisi! Simba alimteua mwenyewe, maana mwenye kiburi haombi ushauri.

Fisi aliwaona wale wa baharini wamelala, hawatoi hata povu moja.

"Tope ni tope," alisema. "Wa bondeni wanatosha. Nyinyi walalaji mnakula bure."

Akawakomba wote, akawamwaga juu ya mwamba, jua likawamaliza. Fungu lao akalila yeye, mla bure mkubwa kuliko wote.

Baada ya mwezi dimbwi lilizidi kupungua, na maji ya bahari yakapenya humo. Chumvi ilikuwa kidogo tu, lakini vijidudu wa bondeni hawakuizoea, wakafa. Mapovu yakakoma. Mtoto wa Swala alikunywa, midomo ikageuka buluu, akaanguka akihema.

"Mwanangu anakufa!" Swala alilia.

"Vijidudu wamegoma, Mfalme," alisema Fisi. "Wavivu hao."

Sungura akatazama tope lililokaukia juu ya mwamba, kisha akamtazama Fisi alivyonenepa wakati wenzake wamebaki mifupa.

"Mfalme," alisema, "aliyekula chakula cha vijidudu hajifichi. Hewa yao imo tumboni mwake. Tuachame vinywa sote, mwizi atatokwa mapovu."

Simba akaachama wa kwanza, apate kuonyesha meno. Wote wakaachama. Fisi, ambaye tangu azaliwe hajui kufunga mdomo, aliubana kwa mikono yote miwili.

"Fungua!" Simba alinguruma.

"Jino linaniuma, Mfalme," Fisi alijibu kwa sauti ya puani.

"Hakuna mapovu yanayotoka mdomoni, mjinga wewe," alisema Sungura. "Wale uliowakausha walizaliwa kwenye chumvi. Walikuwa wakingoja zamu yao."

Mtoto wa Swala alinyweshwa umande wa majani mpaka akapona. Fisi akaamriwa kubeba tope la pwani kichwani, siku baada ya siku, na kuonja maji kabla ya wote.

"Nichukue ukoo upi?" aliuliza akilia.

"Wote," alisema Sungura. "Hata waliolala."

Akabeba, akamwaga, akainama kunywa. Mapovu yalikuwa bado hayajapanda, na midomo yake ikaanza kugeuka buluu.

Mdharau mwiba mguu huota tende.