Barua ya Jirani wa Dawati

Wapendwa, ingieni pamoja nami kwenye darasa moja la kidato cha nne, wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho. Mwalimu anafundisha barua ya kuomba kazi. Anwani imekaa mahali pake, kichwa cha barua kimepigiwa mstari, mpaka hapo mambo ni mteremko. Walipofika pale mwombaji anapoeleza sifa zake, kalamu zikagoma.

“Mwalimu, nijisifu mwenyewe?” akauliza binti mmoja wa dawati la dirishani. “Nyumbani tumefundishwa kwamba anayejisifu hana adabu.”

Darasa zima likamuunga mkono. Si tunajijua? Ndivyo tulivyolelewa. Mwalimu akakuna kichwa.

“Haya, basi kila mmoja amwombee kazi jirani yake wa dawati, aandike sifa zake. Na msidhani ni mchezo. Mama mwenye kiwanda cha mikate hapo mjini anatafuta mtu wa kusimama kaunta mkishamaliza mtihani, na barua hizi atazisoma mwenyewe.”

Yule binti akanyong'onyea. Kazi ile aliitaka kwa moyo wote, maana wazo la kumaliza shule na kurudi kukaa nyumbani bure lilimnyima raha. Na jirani yake wa dawati ni nani? Ni yule msichana aliyeazima ndoo yake ya kuogea bwenini, akairudisha ina ufa. Tangu hapo wamenuniana, hata salamu hakuna. Leo riziki yake iko kwenye kalamu ya mtu huyo! Ungekuwa wewe, ungeandika nini?

Binti wetu alimwandika mwenzake hivi: “Mwenzangu ni msafi na huwahi darasani. Anafaa kwa kazi yoyote isiyohusu vyombo vinavyopasuka.” Akacheka kimoyomoyo, akakunja karatasi, akaona amemkomesha.

Siku ya siku yule mama akaja. Wakamwamkia, akaitikia, akavaa miwani na kuanza kuzipitia barua. Akafika kwenye moja, akaisoma kwa sauti.

“Nilipougua homa bwenini, alinifulia sare na kuninywesha uji, wala hakumtangazia mtu. Ana hasira za karibu, lakini mkabidhi ufunguo wa stoo, hakitapotea kitu. Kwa sasa hatusemezani, na kosa ni langu. Mchukue, Mama, hutajuta.”

Kisha akalitaja jina la anayeombewa. Ni binti wetu wa dirishani.

Machozi yakamlengalenga. Kumbe yule aliyemnunia aliyaona yote hayo! Wenzake wakampigia makofi, naye akasimama, tayari amejiona yuko kaunta na aproni kiunoni.

“Hongera, mwanangu,” mama akamwambia. “Na aliyeiandika ni nani?”

Jirani yake akanyoosha mkono kwa aibu.

“Wewe ndiye utakayeanza kazi kwangu.”

Mwalimu akashangaa. “Lakini Mama, barua inamsifu huyu mwingine!”

“Nimeielewa, Mwalimu. Kaunta yangu inapokea watu wa kila aina, wenye haraka na wenye gubu. Namhitaji mtu anayeweza kuona mema ya mwenzake hata wakiwa wamekosana. Na barua aliyoandika huyu aliyesifiwa nimeisoma pia, ile ya vyombo vinavyopasuka.”

Binti akaketi, uso umemshuka kwa aibu. Lakini kengele ilipolia alimfuata mwenzake nje, akamshika mkono. “Nisamehe, dada.” Mwenzake akacheka. “Yameisha. Mkate wa kwanza nitakaopewa nitakuletea wewe.” Wakaenda kula pamoja, na furaha yao ilikuwa ya kweli.

Sasa turudi kwetu. Kila Jumapili tunakuja hapa tukitamani kujua tunasomekaje mbele za Mungu. Tunahesabu uji tuliowanywesha wagonjwa, nguo tulizowafulia, na ni mema kweli, hakuna atakayeyafuta. Lakini na sisi kutwa tunaandika! Tunamwandika mkwe jikoni, tunamwandika jirani kwenye simu, tunaandikana hata kwenye kamati ya kanisa. Nani ametudanganya kwamba Mungu anasoma barua zile zinazotusifu tu?

Wiki hii iliyopita, umemwandikaje mwenzako? Kama yumo humu ndani, usingoje nimalize kuomba. Ondoka hapo ulipokaa, umfuate.