Kitunguu Saumu cha Bi Kindi

Hadithi inabisha hodi!
— Ipite ndani!
Ina njaa!
— Itakula na sisi!

Haya. Hapo kale Bi Kindi aliishi na wanawe wawili kwenye kibanda kando ya msitu. Kila siku alipika kunde. Maji na chumvi, basi.

Jirani yao alikuwa Chui. Mchana Chui alikula swala, jioni akaja kumalizia kwa Bi Kindi. Aliingia bila hodi, akala chungu kizima, lapu lapu lapu. Watoto walijificha uvunguni, wakilamba mwiko mtupu.

Jioni moja Chui akatema. Ptuu!

"Kunde gani hizi? Jana chapwa, leo chapwa!"

"Ndizo nilizonazo, Bwana Chui."

"Kesho nikizikuta chapwa, nitakula hao walio uvunguni. Hao najua watakolea."

Bi Kindi hakupata usingizi. Kulipokucha akachimba kitunguu saumu nyuma ya kibanda. Akakitwanga, tuku tuku tuku. Akakikaanga, chwaaa! Akamimina kunde juu yake.

Chui akaja. Akaonja. Watoto uvunguni wakaziba pumzi.

"Mmh!" akasema Chui. "Kumbe unajua kupika! Kesho hivi hivi."

Asubuhi Swala alikuwa akipita mbali, akasimama, akainua pua.

"Shoga, umepika nini? Harufu yako nimeipata tangu kule mtoni!"

Bi Kindi akatulia akifikiri. Kisha akaingia ndani na kuzidisha kitunguu saumu.

Siku hiyo alitia kingi. Iliyofuata akatia kingi zaidi. Chui akala, lapu lapu lapu, akalamba chungu, akalamba na makucha. Akienda kuwinda, ananyata, nya-nya-nya. Swala wanainua pua. Fyuuu! Hawapo! Ananyata tena, nya-nya-nya. Fyuuu! Hawapo!

Chui akakonda, mbavu zikahesabika. Ndipo swala mmoja akamcheka kutoka mlimani: "Bwana Chui, siku hizi unawinda na jiko?"

Chui akarudi mbio. Akaupiga mlango teke, paa! Kabla Bi Kindi hajageuka, mkia wa mwanawe mdogo ulikuwa chini ya kucha za Chui.

"Ni wewe! Umeninukisha!"

"Mama!" mtoto akalia.

Moyo wa Bi Kindi ukaenda du-du-du. Lakini sauti akaishika.

"Ni mimi, Bwana Chui. Na dawa ya kuitoa harufu hiyo ninaijua mimi tu. Ukitula leo, utanuka mpaka ufe."

Kucha hazikuondoka. Chui akamtazama. Akajinusa kwapa. Akamtazama tena.

"Dawa gani?"

"Mwachie kwanza mtoto."

Kunde zikachemka, bwata bwata. Hatimaye kucha zikainuka, mtoto akachomoka, vup!

"Nenda ng'ambo ya mto," akasema Bi Kindi. "Kaa majini, maji yafike shingoni. Hapa usirudi kabisa, maana ukiuvuta moshi wa jiko langu, harufu inaanza upya."

"Nitajuaje kama imekwisha?"

"Waulize swala. Wao ndio wenye pua."

Chui akaenda. Akakaa majini, akitafuna vyura. Kila asubuhi anatoa kichwa na kuita:

"Enyi swala! Bado nanuka?"

Nao swala, wakiwa mbali kabisa na ukingo, wananusa hewa safi, wanatazamana, kisha wanajibu kwa pamoja:

"Sanaaa! Kaa kwanza!"

Na Bi Kindi? Jioni ile alipakua kunde, akafunga mlango, wakala wote watatu mpaka matumbo yakawa ngoma.

Basi wanangu, funzo ni hili: msitie kitunguu saumu kwenye mboga. Kinafukuza wageni.

Hadithi inaaga!
— Iende salama!
Nani ataosha chungu?
— Aliyesimulia!