Gobore la Marehemu Mihambo

Mwenye baruti haulizwi bei ya gobore.

Mmeisikia leo sokoni, fundi alipokataa kumtajia Masele bei ya cherehani aliyoachiwa na shangazi yake, nanyi mkacheka kama watu mnaojua. Hamjui. Gobore hamjaliona, baruti hamjainusa, kazi yenu kucheka tu. Basi kaeni, acheni kusukumana, niwaeleze ilikotoka.

Methali hii ilizaliwa Isalalo, kijiji cha warina asali na wawindaji, enzi ambazo mali ilihesabiwa kwa mbuzi. Aliishi huko mwanamke aitwaye Kalunde. Mumewe, Mihambo, alikuwa mwindaji. Alikufa kwa homa mwishoni mwa masika, akamwachia mkewe nyumba, jembe na gobore moja. Hata machozi hayajakauka, binti yao wa pekee naye akafa akijifungua. Kalunde akabaki na mjukuu mchanga wa kike, hana wa kumnyonyesha. Jirani mmoja alimsaidia kwa siku chache, lakini naye alikuwa na mapacha, na maziwa hayakutosha. Mtoto akawa anapewa uji mwepesi, na kila siku analia kwa sauti ndogo kuliko ya jana.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mfugaji wa Kitaturu, jina lake Gidamis, aliyekuwa na ng'ombe aliyezaa karibuni. Alimwambia Kalunde, "Lete mbuzi wanane, umchukue pamoja na ndama wake." Kalunde hakuwa na mbuzi hata wa dawa. Alikuwa na gobore. Ikawa swali lake usiku na mchana ni hilo tu: gobore lile ni mbuzi wangapi?

Ninyi mnaona swali jepesi. Debe la mahindi kila mtu analijua, lakini gobore lililotumika miaka ishirini nani anaijua thamani yake? Tena Isalalo mwenye gobore alipewa paja la kila mnyama aliyeuawa nalo, hata kama siku hiyo yeye alishinda nyumbani anakuna mgongo. Kwa hiyo lilikuwa chuma na mti, na lilikuwa pia nyama ya miaka ijayo. Desturi ilisema kwamba bei ya silaha ya marehemu waulizwe wale waliowinda naye, maana wao ndio waliobeba silaha hiyo, wakaisikia ikilia. Kalunde akaifuata desturi kama alivyofundishwa.

Alianza kwa Shigela, mdogo wake Mihambo. Shigela alilipokea gobore, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ufa wa kitako.

"Mbuzi watatu, shemeji," akasema. "Na hao ni kwa sababu ni la kaka."

"Watatu tu? Si ndilo lililolisha nyumba hii yote?"

"Uliolisha ni mkono wa kaka, shemeji. Bila mkono wake ni bomba tu."

Akaenda kwa Kasubi, rafiki wa marehemu tangu ujana. Kasubi alichungulia ndani ya mtutu muda mrefu, akatikisa kichwa. "Wanne. Na hatujui hata kama bado linalia. Limekaa tangu masika."

Njiani kurudi alipita kwa Lubasha mhunzi, ambaye miaka yote ndiye aliyelitengeneza. Lubasha hakuliangalia sana. Alivuta kifyatulio, akasikiliza, akasema, "Dada, hili ni mbuzi tisa. Ufa wa kitako ni kazi ya asubuhi moja. Mtutu mzima."

Kalunde karibu acheke. Lubasha hakuwahi kuua hata kanga. Mtu asiyejua pori anajua nini kuhusu gobore? Akamshukuru kwa adabu, akaenda zake.

Lakini maneno ya Lubasha yakakataa kumtoka kichwani. Siku tatu nzima alililaza gobore juu ya mkeka na kulitazama. Asubuhi aliliona kundi zima la mbuzi. Jua likiwa utosini aliona kuni. Akijaribu kuchukua katikati ya watatu na tisa, alipata sita, na sita hawanunui ng'ombe. Alijilaumu kwamba pengine anataka wanane kwa sababu tu ndiyo haja yake. Halafu akajilaumu kwamba anamdhania vibaya shemeji yake, mtu aliyemchimbia binti yake kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Kichwa kilimvurugika akawa anachemsha uji bila unga. Mtoto akalia, naye akalia pamoja naye.

Mwishowe akashika neno moja la Kasubi: hatujui kama bado linalia. Akasema moyoni, basi nitalifyatua, kijiji kisikie, wapandishe bei. Akambeba mjukuu mgongoni, akaenda kwa mzee Ndimila, aliyekuwa akichemsha shura na kutwanga mkaa kutengeneza baruti.

"Mzee, nipe konzi moja tu ya baruti."

"Imekwisha, mwanangu."

"Imekwisha? Magobore ya Isalalo ni mawili, la mtemi na langu. La mtemi limevunjika tangu mwaka juzi. Nani aliyeimaliza?"

Ndimila akafuta mikono. "Shigela kachukua pembe mbili zilizojaa. Kasubi kachukua tatu, tena kalipa asali mapema. Nilishangaa, maana hawana gobore. Nikadhani wanakusaidia wewe."

Kalunde alisimama hapo hapo. "Na Lubasha?"

"Lubasha baruti ya nini?"

Alirudi nyumbani. Hakujua kama amekasirika ama ameaibika. Kesho yake akawaita wote wawili, Shigela na Kasubi, akawawekea vigoda, akalilaza gobore katikati yao.

"Nimewaita mnisaidie jambo," akasema. "Mna pembe tano za baruti. Mvua zikianza italowana. Mtaitia wapi?"

Kasubi, ambaye asali yake ilikwisha kwenda, akasema, "Watano." Shigela akasema, "Sita, ni la kaka." Wakapandishana hivyo mpaka Kasubi akafika tisa, na Shigela akanyamaza, maana mbuzi wake wote walikuwa wanane.

Kasubi alipokwenda kuleta mbuzi, Shigela alibaki.

"Shemeji," akasema, "sikukudanganya. Naapa kwa kaburi la kaka. Siku ile nilipolitazama niliona mbuzi watatu."

Mtu akikudanganya unamtukana, yakaisha. Huyu alisema kweli, na kweli yake ingemuua mtoto.

Asubuhi akavuka bonde na mbuzi tisa, mjukuu mgongoni. Gidamis akamtoa ng'ombe. Ng'ombe huyo alikuwa amekonda, chuchu moja imekufa. Gidamis mwenyewe aliona haya kidogo, naye alikuwa mtu muungwana. Akauliza, "Mama, sasa umemwona. Kwa macho yako, huyu ni wa mbuzi wangapi?"

Kalunde alimtazama ng'ombe. Hakuona kukonda. Hakuona chuchu iliyokufa. Aliona mnyama mkubwa ajabu, anayeng'aa, na ulimi wake ulikwisha kufunguka kusema wote tisa, chukua wote, na nguo hii pia. Hapo ndipo alipomwelewa shemeji yake, jinsi haja inavyomgeuza mtu macho. Machozi yakamtoka.

"Usiniulize mimi, baba," akasema. "Mwenye baruti haulizwi bei ya gobore."

Gidamis hakuelewa, ikabidi aelezwe, na mtoto analia wakati wote huo. Alipoelewa alicheka, kisha akaacha kucheka. Akawatazama mbuzi wale tisa wanono. "Hata mimi nisiulizwe basi," akasema. Akamwita mama yake mzee kutoka nyumbani, bibi asiyekula nyama wala kunywa maziwa kwa ajili ya tumbo lake. Bibi akamshika ng'ombe kiwele, akamshika mbuzi mgongo, akasema, "Sita." Wakapeana sita.

Gidamis akakamua pale pale, kwenye kibuyu. Kalunde akachovya kitambaa, akakiweka kinywani mwa mtoto. Mtoto akanyonya.

Kwa hiyo, Masele, yule fundi hakukudharau. Anaitaka cherehani yako. Amejijua, akakataa kukuibia kwa macho yake mwenyewe. Mwenye baruti haulizwi bei ya gobore.