Atakayeinama Ahame

Mwalimu Ngwembe wa karate, pande la mtu, alichoka kutumia ukumbi mmoja na Bi Chausiku wa judo, aliyemfika kifuani.

"Wanafunzi wapya wanauliza mchezo upi bora," alisema. "Kesho tupambane mbele yao. Atakayemwinamia mwenzake ahame."

"Hata kama hajaguswa?"

"Akiinama tu, kwisha habari yake."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Ngwembe alikaza mkanda wake mweusi, akabana mikono mapajani, akamwinamia Bi Chausiku kwa adabu, kama karate inavyotaka kabla ya pambano.

Bi Chausiku alibaki wima kama mlingoti.

"Haya, Mwalimu, fungasha virago."

"Hiyo ni salamu. Kwani judo hakuna kuinamiana?"

"Tunainamiana sana," alisema Bi Chausiku, "tukija kupigana."