Mwanakheri na Jini wa Chemchemi

Sogeeni niwape hadithi, nanyi mkiipata muishike.

Palikuwa na mkunga mnene, Mwanakheri, aliyepanda kilima kwa taabu kila alipoitwa kuzalisha. Jini wa chemchemi akamwambia, "Kila alfajiri njoo kwa miguu unywe maji yangu, na ukishiba uache kula." Akashika sharti miezi mitatu, akawa mwepesi.

Ikaja harusi ya bintiye. Siku ya kwanza akala sahani tatu za pilau, akasema, "Chemchemini nitakwenda kesho." Siku ya pili, kesho. Siku ya tatu, kesho. Kesho zikageuka miezi, unene ukarudi wote, naye kwa haya akawa anapita njia nyingine, jini asimwone.

Asubuhi moja akaitwa kilimani kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu. Alipofika, akihema, akamkuta amekwisha kujifungua peke yake.

"Nisamehe, mwanangu," Mwanakheri akalia. "Ni uzembe wangu."

"Tu wazima, bibi," mama yule akamjibu. "Mpokee mjukuu wako."

Huruma ile ikamchoma kuliko matusi. Akashuka hadi chemchemini.

"Nimevunja ahadi."

"Najua," jini akajibu. "Kunywa. Kesho uje tena."

Akaja, mzito vilevile, macho chini, lakini akaja.

Hapo ndipo nilipoikuta, na hapo naiacha.